Maji Katika Kikombe cha Dawa

Biashara ya maziwa imenilisha miaka mingi, lakini imeniharibia tabia. Mtu akiniambia nyumbani kwake hawajambo, mimi kwanza namtazama machoni. Maziwa yangu hutoka kwa akina mama wa Kimasai wa upande wa Misima. Asubuhi wanayaleta barabarani kwenye madumu, nami nakuwa nimeshafika na gari la kwanza kutoka Old Korogwe ninakoishi, na kabla hatujamaliza salamu nimeshatumbukiza kipimo. Kipimo kikizama kupita alama, humo mna maji. Siku nikisahau kipimo, tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba linatosha. Maziwa halisi hukaa pale, yenye maji hutiririka.

Jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii ni kutomuuliza mwenye dumu. Ukimuuliza ataapa, atamtaja mama yake aliyekufa, atalia, na mwisho wewe ndiye utakayeonekana mbaya. Pale barabarani tuna desturi yetu. Maziwa yakipatikana na maji, dumu linamwagwa chini mbele ya watu wote, bila maneno. Mwenye dumu anaona aibu, wengine wanapata somo, biashara inaendelea. Nimemwaga madumu mengi na sikumbuki kukosea hata mara moja. Naeleza haya mapema ili mtu asije akadhani nilichokifanya baadaye nilikifanya kwa wazimu. Nilikifanya kwa uzoefu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikwenda Tanga mjini akiwa kijana kujifunza uchomeleaji, akarudi nyumbani Kwedizinga akiwa teja. Sitalipamba neno hilo, maana ndilo majirani walilotuitia mlangoni. Alikuwa anavuta unga, na kila kitu pale nyumbani kilikuwa na miguu. Mabati ambayo marehemu baba aliyanunua kwa ajili ya jiko la mama yalitoweka moja moja. Majembe yalitoweka. Mama, mtu wa swala tano na asiyependa kumsema mtoto wake, alifika mahali akapeleka sufuria zake zikatunzwe kwa mwalimu wa madrasa, akawa anaziazima akitaka kupika. Nilipoliona hilo nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Kisha mradi ukaja Korogwe. Kilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya kituo cha afya, chenye dirisha la nondo, na nyuma ya dirisha sista mmoja, Msambaa wa milimani, mwembamba, asiyepaza sauti. Kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo, waliokuwa wakitumia unga walipanga foleni pale wakapewa dawa ya maji katika kikombe kidogo cha plastiki. Dawa ile inachukua nafasi ya unga mwilini, ili mtu asishikwe na arosto, yale mateso ya kukosa: mifupa kuuma, tumbo kukata, jasho, kutapika. Anayeinywa kila siku anaweza kufanya kazi, akala, akakaa na watu. Ila lazima aje kila siku, na lazima ainywe mbele ya sista.

Nilimchukua mdogo wangu akaja kuishi kwangu ili awe karibu na dirisha lile. Miezi ya mwanzo nilimsindikiza mwenyewe, maana sikumwamini kuvuka hata barabara. Sista alikuwa na desturi moja iliyonipendeza. Mtu akishameza dawa, anamsalimia salamu ndefu za kwetu za bara: nyumbani hawajambo, mama anaendeleaje na miguu, mvua zimefika huko, mahindi yamebeba. Nikadhani ni malezi mema. Kumbe anayejibu salamu ndefu hawezi kuificha dawa mdomoni akaenda kuitema nje na kuiuza. Nilipolijua hilo nilimpenda zaidi. Huyu, nikajisemea, ni mwenzangu.

Mdogo wangu akapona kadiri mtu wa namna yake anavyopona. Akanenepa shingo. Akapata kibanda cha kuchomelea mageti karibu na stendi, akanunua miwani ya giza ya kazi, akawa anarudi nyumbani na harufu ya chuma badala ya ile harufu nyingine. Mama alipokuja kutuona, akamkuta ameninunulia jiko la gesi, aliligusa lile jiko kila upande, kisha akaniuliza pembeni kama nina uhakika amelinunua. Hapo mtaona kwamba shuku kwetu ni ya kurithi.

Harufu ya mambo kuharibika niliisikia mimi kabla ya wengine. Kwanza gari jeupe la mradi lilikuja siku moja nembo yake ikiwa imebanduliwa mlangoni, pakabaki alama ya gundi. Niliuliza, nikaambiwa nembo inabadilishwa. Haikurudi. Kisha yule mama wa ushauri nasaha, aliyekuwa anazungumza na wagonjwa kila Jumatano, aliaga kwamba anakwenda likizo, akaondoka na pazia la ofisi. Mtu anayekwenda likizo habebi pazia. Wahudumu waliokuwa wakipita majumbani kuwafuata walioacha dawa wakaambiwa wakae wasubiri barua. Wauguzi wenye ruhusa ya kugusa dawa ile walikuwa wawili. Mmoja mkataba wake ukaisha, na hakuna aliyeweza kumwambia kama utaandikwa mwingine. Akabaki sista peke yake.

Halafu wakabandika karatasi mlangoni: HUDUMA ZINAENDELEA KAMA KAWAIDA. Hapo ndipo machale yaliponicheza kwelikweli. Chumba kile kilikuwa wazi miaka yote na hakuna aliyewahi kuona haja ya kutuandikia kwamba mambo ni ya kawaida. Mimi sijawahi kuandika kwenye dumu kwamba maziwa haya hayana maji.

Tukaitwa kikao, sisi ndugu wa wagonjwa. Daktari mwenye dhamana ya mradi alituambia kwamba mfadhili wa nje anapitia upya mipango yake, kwamba serikali inajipanga kuubeba mradi, na kwamba katika kipindi hiki cha mpito tuwe watulivu. Mzee mmoja, baba wa binti anayetumia dawa, aliinuka taratibu akauliza jambo moja tu: mwezi ujao dawa ipo au haipo? Daktari akamjibu kwa maneno mengi mazuri. Alipokaa chini hakuna aliyejua kama ipo au haipo. Leo naona kwamba hata yeye hakujua, na pengine aliona aibu kukiri mbele ya wazee. Siku ile nilimwona mwongo.

Nje ya geti kila mtu alikuwa na lake. Wapo waliosema dawa imejaa stoo lakini inauzwa Dar. Wapo waliosema mfadhili amekasirishwa na jambo huko kwao na sisi hatuhusiki. Fundi baiskeli mmoja, mgonjwa wa siku nyingi, alisema wanaipunguza kimyakimya ili siku ikiisha tusishtuke. Nilimcheka, lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani.

Haukupita muda mdogo wangu akaanza kubadilika. Asubuhi alipiga miayo mfululizo, macho yakimtoka machozi. Jasho lilimtoka wakati sisi wengine tumevaa masweta. Ugali aliubakiza nusu, naye ni mtu wa kulamba sahani. Usingizi wake ukawa wa kugeukageuka, kitanda kikilia mpaka mimi chumba cha pili nikajua yuko upande gani. Dalili zile nilizijua tangu Kwedizinga. Ni za mtu aliyekosa unga, na anayekosa unga ni yule aliyeurudia.

Nikaanza kazi yangu. Nilipekua mifuko yake akiwa anaoga. Niliinua godoro. Nilinusa mashati kabla ya kuyafua. Nilimwomba anisaidie kunyanyua madumu ili akunje mikono ya shati nione mishipa. Nilichokipata ni vipande vya waya wa kuchomelea na peremende za tangawizi. Nikaona huo ndio ujanja wenyewe, kwamba mtu asiye na kitu cha kuficha hawezi kuwa msafi kiasi kile.

Siku moja nilimfuata mpaka sokoni. Alisimama kwenye vyuma chakavu, mimi nikajibanza nyuma ya magauni ya mitumba, nikachungulia katikati ya mikono ya nguo. Nilipochungulia mara ya pili hayupo. Nikasikia sauti yake kando yangu, tena ameshika gauni moja la maua makubwa.

"Dada, hili litakukaa," akasema, "au bado unaendelea kunichunguza?"

Muuza mitumba alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi nilinunue lile gauni ili nionekane nilikuja kwa ajili hiyo. Halinikai mpaka leo. Njiani kurudi nilimuuliza waziwazi kama amerudia. Akasema hapana. Nikamuuliza mbona anatoka jasho. Akasema yuko sawa, nimpe muda kidogo. Neno muda lilinikera, maana ndilo lililokuwa mdomoni mwa daktari.

Kwa vile sikupata unga mahali popote, shuku yangu ilihama. Mtu hana unga, na bado ana dalili za arosto. Basi kasoro iko kwenye dawa. Nilishangaa kwamba sikufikiria hivyo mapema.

Pale kituoni nilikuwa napeleka maziwa kwa mama mwenye mgahawa, na njia ya kwenda kwake inapita ubavuni mwa chumba cha dawa. Asubuhi moja dirisha la ubavuni lilikuwa limefunguliwa kuingiza hewa. Nilimwona mdogo wangu upande wa pili, amesimama mbele ya nondo akisubiri zamu yake. Sista alishika kikombe. Akaweka dawa kidogo, kidogo mno. Kisha akachukua jagi akaongeza maji mpaka kwenye mstari. Kikombe kikawa na ujazo ule ule wa siku zote. Akampa. Mdogo wangu akanywa, akasalimiwa, akajibu habari za mama na za mahindi, akaenda zake kazini.

Nilibaki pale na dumu mkononi. Nilikuwa na hasira, na nisiseme uongo, nilikuwa na furaha pia. Nilikuwa nimempata mwizi. Salamu zote zile, upole wote ule, na mkononi jagi.

Sikumuuliza. Mnajua kwa nini. Nilikwenda kwa fundi baiskeli nikamdokeza, naye akajipiga kiganja gotini akasema alijua, siku hizi dawa haimfikishi hata saa sita. Akamwita mwingine, naye akasema usiku mifupa inamlia. Akaja wa tatu na wa nne. Kila mmoja alikuwa na ushahidi mwilini mwake. Baadaye, wakati haikusaidia tena, niliambiwa kwamba dozi za hawa wote hazikuwa zimeguswa hata tone. Walikuwa wameanza kuumwa na habari.

Siku ya tatu nilikwenda nao dirishani. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, sista alisukuma kikombe chake mpaka kizingitini. Kabla mdogo wangu hajakigusa, nilipitisha mkono nikakichukua. Nilidondosha tone moja juu ya ukucha wangu, nikauinua mbele ya watu. Tone likatiririka mpaka kwenye kiganja. Nikasema, "Tazameni. Maji." Kisha nikakigeuza kikombe, nikakimwaga chini kwenye saruji, kama tunavyofanya barabarani.

Mtu mwingine yeyote angejua kwamba dawa si maziwa, na kwamba dawa ya maji haiwezi kukaa juu ya ukucha hata ingekuwa na nguvu za kuangusha ng'ombe. Mimi nilikuwa na dole gumba lililozoea kusema kweli.

Sista hakupaza sauti. Aliniangalia kupitia kwenye nondo akasema, "Mama, hiyo ilikuwa dozi ya mdogo wako ya leo."

Nilimgeukia mdogo wangu nikitegemea kuona uso wa mtu aliyeokolewa. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama ile saruji ilivyokuwa inakauka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Fundi baiskeli aligoma kunywa, akadai apewe kipimo kamili mbele ya macho yake. Wengine wakaanza kugonga nondo. Mtu akapiga teke ndoo ya maji ya kunawa. Mlinzi akapuliza filimbi, sista akafunga dirisha, na nusu ya foleni ilikuwa haijanywa. Mchana ule ule watu walitoka mkoani kuja kuhakiki dawa, na sista akaambiwa akae pembeni mpaka uhakiki uishe. Mwingine mwenye ruhusa ya kugusa dawa hakuwepo. Jioni karatasi ya zamani ilibanduliwa mlangoni, ikabandikwa nyingine: huduma zimesitishwa kwa muda.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa uani, bado amevaa nguo za kazi ingawa hakwenda kazini. Nilianza kumweleza nilivyoona kwenye dirisha la ubavuni. Aliniacha nimalize.

"Mimi ndiye niliyemwomba anipunguzie," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Baada ya kile kikao alikwenda peke yake kwa daktari na kwa sista, akawauliza dawa ikikatika siku moja itakuwaje. Wakamwambia ukweli ambao hawakuweza kuusema kwenye kikao, kwamba hawajui. Akawaomba wamshushe kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili, wakati dawa bado ipo, ili siku ya kufungwa imkute hana haja nayo. Walikubaliana, akaweka sahihi. Maji yalikuwa ya kujazia tu, kama yalivyokuwa tangu siku ya kwanza, ili mtu asihangaike kuangalia ujazo wa kikombe. Miayo na jasho alikuwa ameambiwa vitakuja na vitapita. Peremende za tangawizi zilikuwa za kichefuchefu.

"Nilikuwa nashuka ngazi, dada," akasema. "Nimebakiza chache. Sikutaka nisukumwe kutoka juu."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambia ungeanza kuninusa."

"Nimekunusa hata hivyo."

"Najua," akasema. "Kila siku nilikuwa najua."

Kituo kilitupa barua ya kwenda kunywa dawa Tanga mjini, lakini kule nako walipokea watu wetu wengi kwa mpigo, wakawapangia siku za kuandikishwa, na siku ya mdogo wangu ilikuwa mbali. Siku ya kwanza alijikaza. Siku ya pili alitapika mpaka maji ya manjano, nikamkanda miguu kwa maji ya moto na yeye akaniachia nimkande. Niliomba Mungu kwa Kizigua na kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kile kidogo ninachokijua. Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, alisema anakwenda kudai malipo ya geti kwa mteja. Alirudi alasiri.

Miayo ilikuwa imekwisha. Jasho lilikuwa limekauka. Alikaa pale pale kwenye ndoo, akawa anajikuna pua taratibu na kutabasamu kwa jambo lililokuwa kichwani mwake peke yake. Utulivu ule niliujua. Mabati ya mama yaliondoka kwa sababu yake. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kumshuku nilikuwa sahihi. Nilimpakulia wali. Alikula kidogo akasinzia na kijiko mkononi.

Uhakiki haukuona dawa iliyopotea. Kila tone lilikuwa mahali pake kwenye kitabu. Lakini dirisha halikufunguliwa. Tuliambiwa tusubiri, kisha tukaambiwa huduma imehamishiwa Tanga, na mtu mmoja aliyekuwa karibu na ofisi zile aliniambia kwamba kwenye taarifa iliyopelekwa kwa mfadhili iliandikwa kuwa jamii ya eneo lile imepoteza imani na huduma. Sentensi hiyo najua ilikotoka. Ilitoka kwenye ukucha wangu.

Ila mimi ni mimi, na hata katika majuto siachi kushuku. Nembo ilibanduliwa kabla yangu. Pazia liliondoka kabla yangu. Mikataba iliisha kabla yangu. Mara nyingine nadhani walikuwa wameshaamua kufunga, wakawa wanatafuta tu mtu wa kumtwisha, na nikatokea mwenyewe mbele ya dirisha, mchana kweupe, nikiwa na mashahidi. Mara nyingine nadhani wangepata fedha wiki iliyofuata, na ningekaa kimya leo dirisha lingekuwa wazi. Nimejaribu kuzipima fikra hizi mbili na zote zinazama sawa.

Nilimtafuta sista nikamwombe radhi. Nilimkuta kwenye chumba alichopanga, anafunga vitu kwenye masanduku, arudi kwao milimani. Alinipa shikamoo na kiti kama vile nimekwenda kusalimia. Nilisema yote niliyokwenda kuyasema, na mengine ambayo sikuyapanga. Alisikiliza akiwa ameshika gundi ya karatasi mkononi. Nilipomaliza nilimuuliza, kwa unyonge, kama dirisha lingefungwa hata bila mimi.

"Mama, hata mimi sijui," akasema. "Mimi pia nilikuwa nasubiri barua."

Nilimtazama machoni kwa mazoea, nikaona ni kweli. Akaniuliza hali ya mdogo wangu. Nilimdanganya, nikasema anaendelea vizuri. Nadhani alijua, maana alirudi kufunga masanduku bila kuuliza zaidi.

Siku ya kuandikishwa ilipofika nilimpeleka Tanga mwenyewe. Alikuwa amepungua, shingo imerudi ya zamani, na kibanda cha mageti alikuwa amemwachia mwenzake. Angepanga chumba huko na wanaume wengine wanaokunywa dawa, maana kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani. Wakampima, wakamsikiliza, wakamwambia ataanza upya, na dozi itapandishwa mpaka imtoshe. Ngazi zote zile alizokuwa ameshuka alipandishwa tena kwa kalamu moja.

Muuguzi wa pale, binti mchangamfu mwenye faili jipya, aliuliza maswali yake mpaka akafika la mwisho. Alitaka jina la ndugu wa karibu, yule ambaye wangempa taarifa zote za mgonjwa, wakimwongezea au wakimpunguzia, akikosa siku au akizidiwa. Nilikuwa nimeshafungua pochi natoa kitambulisho changu.

"Andika mama," mdogo wangu akasema.

Binti akauliza namba ya simu ya mama. Akajibiwa mama hana simu, yuko Kwedizinga. Akauliza kama anaweza kufika Tanga akihitajika. Akajibiwa miguu inamsumbua, hasafiri. Binti alisita na kalamu yake, akanitazama mimi na kile kitambulisho mkononi, kisha akamgeukia yeye.

"Na mama huyu hapa?"

"Huyu ni dada yangu," akasema, kwa upole kabisa. "Amenisindikiza tu."